Bi. Loretta Szabo, Aliyeipa Skrini Mgongo

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Loretta Szabo, Msimamizi Mkuu wa Ukumbi katika kampuni yetu ya Lark na Dunning, anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024. Tarehe hiyo ameihakiki mwenyewe. Alipoletewa taarifa na Idara ya Utumishi aliisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyeichagua Ijumaa na kwa nini, kisha akapiga simu ghorofa ya juu kuuliza tena kwa sauti ya kujigeuza. Majibu yalifanana, akakubali kustaafu.

Kwa majirani na jamaa zake walio nasi leo, ambao miaka yote hiyo wameambiwa tu kwamba Loretta yuko kazini, sasa tunaruhusiwa kusema kidogo. Kabla filamu kubwa haijaenda kwenye majumba ya sinema, wenye studio huileta kwetu ikiwa bado mbichi. Sisi tunaokota watu wa kawaida madukani na mikahawani, tunawajaza ukumbini, tunawaonyesha bure, halafu tunawauliza wameionaje. Wakipiga miayo katikati, katikati inakatwa. Wakiuchukia mwisho, mwisho unapigwa picha upya. Sharti letu ni moja: asiingie mtu wa kazi ya filamu wala jamaa yake. Na hapa Burbank, ambako hata muuza kahawa ana hadithi ya filamu mfukoni, sharti hilo limetufanya tuishi na waongo.

Loretta alianzia mlangoni mwaka 1991, akitokea duka la viatu kule Van Nuys. Alikuwa akisema kazi zote mbili ni kutazama uso wa mtu anayedai kiatu hakimbani. Wakongwe wetu bado wanamcheka yule bwana nadhifu wa mwaka wake wa kwanza, aliyekuja na koti jeupe mkononi ili aaminike.

“Kazi yako?” Loretta akamuuliza.

“Daktari wa meno, mama.”

“Vizuri sana. Gego langu la nyuma linaniuma nikinywa baridi. Nifanyeje?”

“Tabasamu, mama! Kisha piga mswaki asubuhi na jioni!” Bwana akasema kwa sauti tamu ajabu, huku ameinua mkono kandoni mwa shavu kama mtu aliyeshika kitu tusichokiona.

Alikuwa mwigizaji wa tangazo la dawa ya meno. Loretta akamsindikiza hadi kwenye gari lake, akamwambia ameigiza vizuri, na akabaki pale mpaka gari likaondoka, maana hakuamini kwamba lingeondoka.

Kutoka mlangoni alipandishwa kuwa Msimamizi wa Ukumbi, na hapo ndipo alipoanza ule utaratibu wake ambao wageni wengi huudhani ni mzaha. Aliweka kigoda kidogo pembeni, chini ya skrini, akakaa akiwaelekea watazamaji. Filamu ilikuwa nyuma yake. Alisema skrini inajua kudanganya kuliko mtu yeyote, kwa hiyo haoni haja ya kuitazama.

Kwa hiyo mwenzetu huyu amehudhuria karibu kila filamu kubwa ya Marekani ya zama hizi, na hakuna hata moja aliyoiona. Ameziona shingoni na mabegani mwa watu. Filamu za mashujaa wanaoruka, alisema, huinua videvu vyote kwa pamoja, halafu pigano likizidi urefu watu huanza kutafuta viatu vyao. Za kutisha huwatambulisha wachumba, kwa sababu mtu hawezi kuchagua mkono wa kushika akiwa na hofu. Za mapenzi huwafanya wanaume wasome bango la mlango wa dharura. Za kufukuzana kwa magari zinauza sana kwa kuwa mguu wa kulia wa kila dereva ukumbini hukanyaga mafuta. Za katuni hakuziamini hata kidogo, maana watoto hucheka wakiona baba zao wamecheka, na baba hucheka ili mtoto anyamaze.

Wenye studio walikuja na nadharia zao kuhusu nini kinauza mwaka huu na nini kimepitwa. Loretta aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawauliza swali ambalo halikuwahi kumpendeza yeyote kati yao: ni nani humu ndani aliyekuja na shangazi yake? Kwa sababu waongozaji wa filamu nao hawakukaa kimya. Walijifunza kupenyeza mapandikizi, yaani jamaa zao waliojifanya watazamaji wa kawaida. Mama wa mwongozaji mmoja aliwahi kuingia na wanakwaya wake wote, wakacheka kwa zamu, safu baada ya safu. Loretta aliwatoa wote pamoja na mpiga kinanda.

Tusiandike kana kwamba hakuwahi kukosea. Yeye mwenyewe alitukataza. Aliposikia kwamba tunaandaa wasifu huu alinijia mezani, akasema, “Gus, usipoandika habari za safu ya saba nitajua mnanizika.” Basi naiandika.

Mwaka 2009 tulijaribu filamu ya kwanza ya msichana aitwaye Paloma Renfro. Ilikuwa filamu tulivu juu ya dereva wa lori la masafa marefu na mkewe. Mwisho wake dereva harudi, basi. Bwana Hutchins, mkubwa wa studio iliyoigharimia, hakuutaka mwisho huo, lakini alikuwa ameahidi kwamba watu wakiupenda ataubakiza. Paloma alikaa nyuma kabisa ya ukumbi akitafuna kamba ya sweta yake. Usiku ule mmoja ndio ungeamua kama filamu itabaki yake.

Filamu ilikwenda vizuri, vizuri mno kwa macho ya Loretta. Kisha safu nzima ya saba, wanawake watupu, ikaanza kulia. Kwa muhtasari wa filamu aliopewa, hapo hapakuwa na la kuliza: mke yuko jikoni tu, anapakua chakula. Habari za kifo zilikuwa bado mbali. Loretta akapiga hesabu yake ya siku zote. Anayelia mapema anajua mwisho, anayejua mwisho ameambiwa, na aliyeambiwa ni pandikizi. Akawasha tochi mara mbili, nasi wa mlangoni tukaitoa safu ya saba yote, wakiwa na leso mikononi. Majibu ya usiku ule yakafutwa. Bwana Hutchins alishukuru sana kwa uangalifu wetu, na kesho yake akaagiza mwisho mpya.

Wiki mbili baadaye mmoja wa wanawake wale, Bi. Yolanda Beecham wa Fontana, alikuja ofisini akiwa na pai ya tufaha. Loretta hakuigusa pai.

“Dada, ile filamu ya dereva inatoka lini?” Yolanda akauliza. “Tunataka tukaione nusu iliyobaki. Safari hii tutalipa wenyewe.”

“Nani aliwatuma?”

“Atutume nani? Tulikuwa tunakula mayai yetu ya Jumamosi pale Fontana, mtu wenu akaja akatupa tiketi.”

“Basi mlijuaje kwamba mume harudi?”

Yolanda akamshangaa. “Si alifunika sahani ya pili? Akaifunika, akaiacha mezani, akawasha taa ya nje. Dada, sisi wote mezani pale ni wajane wa malori. Nani kati yetu hajaifunika sahani ile?”

Nilikuwepo. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Loretta Szabo amekosa swali la kuongeza. Aliketi, akala pai ya watu, akalia ndani ya pai. Kisha akachukua ufunguo wa gari akaenda moja kwa moja kwa Bwana Hutchins bila miadi, jambo ambalo katika kazi yetu humtoa mtu kazini.

“Wale walikuwa watu wa kweli,” alimwambia. “Kosa ni langu. Ionyesheni tena.”

“Nakuamini, bibie,” Hutchins akajibu. “Lakini umechelewa. Jangwa limeshakodiwa. Dereva wetu sasa anatoka motoni mzima, na ana kombora.”

Mnajua kilichofuata, maana wengi wenu mlikata tiketi. *Magurudumu ya Kisasi* ilijaza majumba ya sinema majira yote ya joto, ikazaa ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, vikombe vya plastiki na mashuka ya watoto. Zote ameziongoza Paloma Renfro, ambaye sasa anaishi juu mlimani nyuma ya geti linalouliza jina lako mara mbili. Kampuni ikaona fahari, ikatundika bango la filamu hiyo kwenye ujia wetu kama ushahidi kwamba majaribio yanalipa. Bango likatoweka. Likatundikwa jingine, nalo likatoweka. Uongozi ulimshuku fundi wa taa kwa muda mrefu, na hapa namwomba radhi fundi wa taa kwa niaba ya anayehusika.

Humu ofisini tumebishana miaka yote kama lile lilikuwa kosa au bahati. Wapo wanaosema soko limeshatoa hukumu. Loretta alikuwa na jibu moja kwao, na alilitoa bila kuinua macho kwenye kahawa yake: “Soko halikuulizwa. Nililitoa nje.” Tangu hapo hakumwondoa mtu ukumbini kabla ya kuinama kando yake na kumnong'oneza, “Unalia nini?” Siku hizi kila anayeajiriwa kwetu hufundishwa swali hilo kabla ya kufundishwa tochi. Kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa kuliko wote, ingawa hauwezi kutundikwa ukutani.

Sasa niseme jambo ambalo limeninyima raha mwezi mzima. Mwezi Mei Paloma Renfro alipiga simu kitengo chetu akaomba kuja leo. Miaka kumi na tano kimya, halafu simu. Idara ya Sheria ilisema anataka kutushtaki. Wengine walisema anaitangaza sehemu ya sita. Mimi nilidhani anakuja kumtia Loretta aibu mbele ya keki yake, na nilimpokea ipasavyo.

“Hujamsalimu hata siku moja,” nikamwambia. “Leo umekumbuka nini?”

“Ninao mwisho wangu wa kwanza. Niliuficha.”

“Uliuficha wapi, kwa nini, na nani mwingine anajua?”

Akacheka. “Wewe umefundwa na yeye, sina shaka.” Kisha akaacha kucheka. “Nilimchukia miaka mingi, Gus. Aliniondolea watu pekee waliokuwa wananielewa. Halafu mwaka huu Yolanda akaniandikia kwamba Loretta alikwenda kwa Hutchins kunitetea. Mimi sikwenda. Mimi nilipewa jangwa, nikasema asante.”

Sikumwamini. Nilimpigia Yolanda, nikamuuliza maswali yaleyale kwa kuyapindua, naye akaniambia niache utoto. Niliomba kuiona filamu kwanza, nikaitazama mchana peke yangu na mlango umefungwa. Ni ileile. Dereva harudi. Hakuna kombora. Bado namshuku Paloma kidogo, kwa kuwa nimelelewa hivyo, lakini nimeshindwa kupata kosa.

Bi. Loretta, najua unasoma ukurasa huu ukiwa umesimama karibu na mlango wa dharura. Najua pia hukuamini tulipokwambia kwamba saa tisa ukumbi mdogo una jaribio la kawaida la filamu ya katuni. Ulikuwa sahihi kutoamini. Safu ya saba imekaliwa na wajane wa Fontana, wale walioweza kuja, na Yolanda ana pai. Kati yao kuna kiti kimoja kitupu, na kinaelekea skrini. Kigoda chako kipo palepale pembeni, chini ya skrini, lakini usihangaike nacho. Amekikalia Paloma Renfro. Yeye filamu yake anaijua; anachotaka ni kuuona uso wako.

Sisi wenzako tunakushukuru kwa kutulinda dhidi ya shangazi wa watu, kwa kutufundisha kumkagua mtu bila kumvunjia heshima, na kwa kurudi kusema umekosea wakati kunyamaza kungekuwa rahisi na kungelipa. Ofisi itakuwa pweke bila macho yako mgongoni mwetu. Tutakukosa sana, na hilo unaweza kulihakiki kwa yeyote.

Nenda ukapumzike, Loretta. Tunakuombea afya, jioni tulivu, na miaka mirefu ya kukaa kama watu wengine, ukitazama mbele. Taa zikizimwa leo, na mke wa dereva akiishika ile sahani ya pili, lia ukitaka, hata kama ni mapema. Hakuna atakayekutoa nje.

Gus Abernathy
Kitengo cha Mlangoni