Kumkumbuka Kavoi, na Siri Iliyomla Mamake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo hapo mlipo. Leo tunamkumbuka mtoto. Aliitwa Kavoi. Alizaliwa mtaani Kawangware 46, hapa Nairobi, Machi 1993, akatuacha Agosti mwaka huu wa 1998. Miaka mitano tu. Na miaka hiyo yote hakuwahi kusikia sauti ya mamake.

Mamake ni Syombua, mzaliwa wa Kitui. Kabla ya Kavoi, alilea watoto wa wenyewe katika chumba chake cha mabati. Kina mama wa vibarua waliwaacha kwake asubuhi, wakawachukua jioni. Watoto saba, wanane, wote wadogo. Mtoto akibanwa na mafua, Syombua hakutafuta kitambaa. Aliweka mdomo kwenye pua ya mtoto, akanyonya makamasi, akatema. Mtoto akapumua, akalala. Ndivyo alivyolelewa yeye, na wengi wetu pia, tusijifanye. Uji ukibaki, aliumaliza kwa kijiko kile kile.

Jirani yake Risper, mama wa Marvin, mmoja wa watoto hao, alikuwa akiwaambia wenzake, "Peleka kwa Syombua. Huyo hachagui mtoto ni wa nani."

Mwaka wa 1992 Syombua akashika mimba. Mimba ikiwa changa, akashikwa na homa na uchovu siku nne. Akadhani ni malaria. Akameza dawa, akarudi kwa watoto wake. Nani angeshtuka?

Kavoi alizaliwa na kichwa kidogo, ngozi ya manjano, na vidoadoa mwili mzima. Daktari akachukua mkojo wake ukapimwa, kisha akamwita Syombua. Mumewe, Wambua, alikuwa kazini akiunda vitanda karibu na Soko la Toi. Kwa hivyo Syombua alisikia peke yake.

"Ni virusi vinaitwa saitomegalo," daktari akasema. "Viko kwa mate, makamasi na mkojo wa watoto wadogo, hata mtoto akionekana mzima. Mjamzito akivipata, vinaweza kumfikia aliye tumboni. Wengi huzaliwa salama. Wengine huharibika masikio au ubongo. Unashinda na watoto, mama?"

"Nashinda nao."

"Basi huenda ulivipata huko. Si kosa lako. Hakuna aliyekuambia."

Lakini Syombua alibeba neno moja tu kutoka pale: kwamba ni yeye aliyemletea mtoto ugonjwa. Wambua alipouliza daktari amesema nini, akajibu, "Amesema ni mpango wa Mungu."

Akafunga kile chumba cha watoto, na hakumwambia mtu kwa nini. Mama mkwe akatoka Machakos, akamwangalia mtoto, akasema kwao hakujawahi kuzaliwa kitu kama hicho. Kitu! Dada ya Syombua, Kalondu, anayeuza mitumba Toi, aliniambia hivi: "Walimwita mlaaniwa nikiwa hapo. Akanyamaza. Nilidhani ni unyonge. Kumbe kwake laana ilikuwa afadhali kuliko kusema ukweli."

Kavoi hakutembea. Hakusema neno. Degedege zilimrudia kila mwezi. Lakini ukimpulizia nyayo, alicheka mpaka machozi. Agosti, Jumanne asubuhi, degedege moja haikumwachilia. Alifia mapajani mwa mamake.

Kwenye matanga Risper alikuja, mjamzito wa miezi saba, na binti yake mdogo, Celine, mgongoni. Celine alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Katikati ya nyimbo Risper akamlaza mapajani, akainama, mdomo wazi. Syombua akatoka kwenye mkeka, akamshika bega.

"Wacha, Mama Marvin. Usinyonye. Uko na mimba."

"Si ni wewe ulinifunza?"

"Ni mimi. Na hivyo ndivyo Kavoi alipata huu ugonjwa. Daktari aliniambia. Nimewaficha miaka mitano."

Wambua alikuwapo. Mama mkwe alikuwapo. Nyimbo zikakatika. Risper akampangusa mtoto na leso, kisha akauliza polepole, "Ni Marvin? Marvin wangu ndiye alikupatia?"

"Sijui ni nani," Syombua akasema, "na sitaki kujua. Wote nilikuwa nawapenda."

Wapendwa, roho inaniuma. Chanjo ya ugonjwa huu bado hakuna. Mama mjamzito, wakumbatie watoto, usiwaogope. Lakini nawa mikono kwa sabuni ukimbadilisha mtoto nepi au ukimpangusa pua. Kuwa na kijiko chako. Usimalize uji wake. Mbusu kwenye paji la uso, si mdomoni. Narudia: kijiko chako, sabuni, na mdomo wako mbali na mate na makamasi yake.

Kwa Syombua, kwa Kalondu, kwa jamaa wote wa Kitui na Machakos, poleni sana. Mungu amlaze Kavoi pema.

Kalondu anasema tangu siku hiyo ya matanga Wambua hajamsemesha mkewe. Analala, anaamka, anaenda kazini. Wambua, najua redio hapo kazini kwako huwa haizimwi. Daktari alisema si kosa lake, na hilo ndilo neno ambalo Syombua hajawahi kulisikia kutoka kwako. Weka randa chini, ndugu yangu. Nenda nyumbani umwambie.