Loki ya Gurudumu la Kushoto

Sikilizeni, wanangu, na kabla sijafungua mdomo kila mmoja aweke mkono kifuani aape kwamba nitakayosema hayatavuka kizingiti cha chumba hiki. Spika, binti yangu, wewe weka mikono yote miwili, maana kwa sauti yako mmoja hautoshi. Haya, mmeapa. Siri ya mama ni nzito kuliko jeneza lake, na mimi mwenyewe sijamwambia mtu, isipokuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, kwa kuwa alikuja kunipima gauni la safari yangu hii na mtu akikupima gauni la namna hiyo huwezi kumficha jambo. Na jirani wa mbele, kwa kuwa aliniuliza. Na muuza mkaa, kwa kuwa hakuniuliza, nikamwonea huruma.

Nyumba hii haigawanywi. Ikae kama ilivyo, ili kila atakayefukuzwa na mke, na mume au na dunia apate pa kulaza kichwa. Cherehani ni ya Spika, pamoja na kabati la kioo, ajitazame anavyofumbua mdomo akitoa hukumu. Kuku ni wa mwenye kuwalisha. Ngazi yangu iko kwa jirani wa mbele tangu baba yenu yu hai. Mkaidai, na akisema ni yake tazameni kipago cha chini, kimefungwa kwa waya wa breki. Wifi yangu, aliyesema siku ya harusi yangu kwamba bibi harusi ana miguu ya kukandia udongo, nimemsamehe kabisa, ila mwambieni baada ya mazishi, asije akafurahi mapema.

Sasa pikapu, maana najua ndiyo iliyowaleta mbio, mapenzi ya mama yamekuja nyuma yake.

Gari lile lina umri mkubwa kumzidi Tope, kitinda mimba wangu, ambaye amekuwa akiliendesha tangu baba yenu afariki na hajapata kurudi nyumbani na suruali safi, ndiyo maana ya jina lake. Baba yenu alinioa nikiwa sijui tofauti ya spana na kijiko. Nilikaa ubavuni mwake kwenye kiti kile chenye shimo hadi ikafika mahali, gari likipita barabarani nimefumba macho, nasema linaumwa wapi. Leo mnaniambia difu ya mbele, ile inayoyagawia magurudumu mawili nguvu, imekufa na mimi nimelala hapa nasikiliza!

Mlikaa kikao, nakumbuka. Pasi, kifungua mimba wangu, ambaye hata usingizini shati lako halipati kunjo, wewe ndiye uliyeanza: "Mama, iuzwe tu, inakula kuliko inavyobeba." Akaja mchoma matofali kuijaribu kwenye mteremko wa utelezi nyuma ya tanuri lake. Tope akavuta gia ya fowili ili magurudumu yote manne yavute, ya nyuma yakarusha udongo mpaka usoni mwa mnunuzi, ya mbele yakakaa kimya kama wageni wasiojuana na wenyeji. Ikatolewa na punda. Punda, wanangu! Mchoma matofali akajifuta uso, akasema difu ya mbele imekwisha, akaenda zake. Hapo Spika ukapata kazi: "Tope ameiua! Anaikimbiza kwenye lami kavu ikiwa kwenye fowili, si nilisema?" Hukusema. Ulisema baadaye kwamba ulisema. Tangu siku hiyo mtoto wangu anakula peke yake ameegemea bampa, na leo nimeliona begi lake nyuma ya mlango, na taulo langu la bluu linachungulia ndani yake. Tope, taulo chukua. Kuondoka, huondoki mpaka nimalize, kwa maana sitaki kufa nikamwacha mwanangu ametoka kwa baba yake na jina la mharibifu.

Huu sasa ndio urithi usioliwa na mchwa, utegeeni masikio. Gari halitoi siri zake zote mara moja, lazima ulidodose kama jirani. Ukikata kona mpaka mwisho likalia ka-ka-ka, hayo ni maungio ya kule magurudumuni. Inama utazame mipira yake, utakuta mmoja umepasuka na grisi imetapakaa kama uji kidevuni mwa mtoto. Ukiingiza gia likapiga ngo! chini ya nyayo zako, hizo ni krosi za shafti, viungo vya lile fito la chuma linalozunguka chini ya gari. Likilia uuuu, na kilio kikapanda kadiri mwendo unavyopanda, hapo ndipo umshuku difu mwenyewe, lakini usimzike kwa uvumi. Fungua nati ya oili, chovya kidole, sugua. Ukipata uji wa kijivu laini, huo ni uzee tu, hata mimi ninao. Ukipata vipande vinavyochoma, meno yamevunjika. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Na mkiwa kwenye fowili juu ya lami kavu, kona ikawa kali gari likakaza na kugoma, huo si ugonjwa, ni akili kuwazidi nyinyi. Toeni fowili, itunzeni kwa ajili ya utelezi.

Basi nilimwambia Tope anitolee oili kwenye kijiko: safi. Nikamwambia aizungushe uani mbele ya dirisha langu: haikulia ka-ka, haikupiga ngo, haikusema uuuu. Mgonjwa gani huyo asiyelalamika? Mimi naumwa kidogo tu na mtaa mzima unajua.

Ndipo nikakumbuka loki. Magari ya siku hizi mtu anabonyeza kitufe, lakini lile la baba yenu lazima ushuke, uiname, ugeuze kwa vidole kile kidude cha duara katikati ya gurudumu la mbele, kushoto na kulia, ndipo gurudumu lishikane na difu na gia ya ndani iwe na maana. Baba yenu alizifunga loki zote mbili mvua zile za mwisho wake, na baada yake hakuna aliyezigusa. Tope anaosha gari lote, akifika pale anaruka, udongo umekauka juu yake kama mkate, kwa kuwa mkono wa mwisho kuzishika ulikuwa wa baba yake. Wala sikumwambia aoshe. Sasa juzi jua la asubuhi likapiga gurudumu la kushoto, nami nimelala hapa na macho yangu haya, nikaona loki inang'aa. Udongo umefutwa. Umefutwa kwa vidole, wanangu, si kwa mvua, mvua haichagui upande.

Difu ni kama mama mjinga mwenye watoto wawili: nguvu zote humpa anayelegea. Loki ya kushoto ikilegezwa, nguvu zinakimbilia kushoto, zinazunguka bure, na gurudumu la kulia lililokaza, lenye nia ya kazi, linabaki na njaa. Msilee hivyo watoto wenu. Anayenyamaza msidhani ameshiba.

Kwa hiyo difu ni nzima, Tope hana kosa, na kuna mtu aliyelegeza loki makusudi ili mnunuzi akimbie. Nani? Mimi na umbea ni mbingu na ardhi, sitamtaja. Unasemaje, Spika? Ni Tope huyo huyo? Hebu mtazame alivyoachama! Yeye alidhani loki ni urembo. Walioonyeshwa na baba yenu kazi yake ni wachache: mimi, ambaye hata kugeuka kitandani nashikwa mkono, na mwingine mmoja. Fundi wa gereji ya kona mnamwona pale pembeni, amekalia jeki yake kama kigoda. Nikimaliza baraka atakwenda kuinua magurudumu yote mawili ya mbele, atazungusha la kulia kwa mkono. Loki zote zikiwa zimefunga, la kushoto litamjibu kwa kuzunguka kinyume. Likikaa kimya, limelegezwa, na nimesema kweli. Likizunguka, basi mimi ni kizee kinachoweweseka, difu iliumwa yenyewe ikajiponya, na kesi imekwisha.

Unakwenda wapi, Pasi? Simu? Sikuisikia ikilia. Haya nenda, baba, simu ya kimya nayo ni simu. Spika, kaa chini, usimfuate.

Niinulieni mto. Hapo. Sauti inanikimbia, na bado nina maneno, ndiyo adhabu yangu.

Mnizike kushoto kwa baba yenu, upande wa sikio lake zima, nina mengi ya kumsimulia. Jeneza lipandishwe kwenye pikapu, Tope ashike usukani, na kilima cha makaburini mkipande kwa fowili, taratibu, msinirushe. Kwa hiyo haiuzwi. Nimesema. Ni ya wote watatu, na funguo akae nazo Tope. Msilie kwa kelele. Spika ndiye sijui nani atamzuia.

Sogeeni. Mikono yenu ishike vinavyoshikika. Njia zenu ziwe na utelezi wa kuwakumbusha kushikana, usiwe wa kuwaangusha. Mkiandaa chakula, mwiteni asiyekuja mezani, mwiteni tena. Mungu awape... awape watoto wenye midomo kama yangu, mjue nilivyopata tabu. Baraka zangu ni zenu, hata za huyo aliyetoka, hasa huyo.

Maji. Tone tu. Basi.

Fundi, vuta pazia. Lote.

Mnaona? Shati jeupe, magoti kwenye vumbi, vidole juu ya loki, anahangaika kuifunga kabla fundi hajaipima. Pasi wangu! Usitoe mkono, mwanangu, umeshaonwa na kila mtu, simu yenyewe iko mfukoni. Spika, funga mdomo, inzi wataingia. Kumbe mdomo ulisema uza, mkono ukakataa. Ungesema tu, Pasi. Ungesema huwezi kuiacha, kuliko kumbebesha mdogo wako. Tope... acha begi hapo. Nenda ukapige magoti naye. Msimpige, jamani. Alionyeshwa na baba yake akiwa hajafikia urefu wa gurudumu lile.

Pasi. Wanisikia hapo dirishani? Si upande huo, baba, huko imefika mwisho. Geuza kuelekea mlangoni. Taratibu... mpaka usikie tak.