Mtani Aliyenisemea kwa Daktari

Ndugu zangu mliokaa mbele, na nyinyi akina mama mliobaki kibarazani na watoto, nisikilizeni kidogo. Nimeombwa niseme jinsi Mungu alivyoniinua kutoka katika ugonjwa. Nitasema polepole, maana Kiswahili changu nilikianza nikiwa tayari nina wajukuu. Nikikosea chekeni tu, nitangoja mmalize.

Hapa Kaliua mnanijua kama mzee wa mizinga ya nyuki. Lakini kwetu ni Uvinza, kwenye chumvi. Asubuhi za utoto wangu zilikuwa moshi mtupu, mama zetu wakichemsha maji ya chemchemi katika vyungu mpaka yakauke, kibaki kitu cheupe chini. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakipita kwetu, na nyimbo zao zilifika kabla yao. Mpaka leo punje ya chumvi ikipasuka motoni naiona mikono ya mama yangu. Lugha niliyokuwa nayo ni ya mama huyo, Kivinza, na ilinitosha. Hata nilipohamia Usinge kwa ajili ya asali, nyuki hawakuniuliza Kiswahili.

Basi, mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, na mwanangu alikuwa Tanga kwenye mkonge. Nyumbani nilibaki na mke wake na watoto wao. Ndipo mkojo ukaanza kunisumbua. Mnaguna? Guneni, lakini sikilizeni, maana wapo hapa wanaume wenye umri wangu wa wakati ule, na kesho yatawapata. Ulianza kutoka kwa shida, kisha ukawa wa matone. Chini ya kitovu pakawa pagumu kama kibuyu. Miguu ikavimba, kichwa kikawa kizito, nikawa nasinzia na tonge mkononi.

Mke wa mwanangu akanipandisha gari moshi, akanipeleka hospitali Tabora. Yeye alikulia karibu na stesheni, kwa hiyo Kiswahili alikijua, na Kivinza alijifunza kwetu baada ya kuolewa. Yeye ndiye akawa mdomo wangu. Shida ikaanzia hapo.

Vijana, ngoja niwaeleze, kwa sababu siku hizi nawaona mnakaa kitanda kimoja na wakwe zenu mnapiga soga. Sisi mkwe tulimheshimu hasa. Mke wa mwanangu aliniwekea chakula akiwa amegeuza uso. Jambo lolote la chini ya kitovu sikuweza kulitaja mbele yake, wala yeye hakuweza kuniuliza. Hatukuchukiana. Alinipenda kama baba yake, na ile ndiyo iliyokuwa njia yetu ya kupendana.

Daktari alikuwa Mzungu, mtu mpole, na dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda, alikuwa mtu wa pwani. Kivinza hakuna aliyekijua.

"Muulize anaumwa nini," daktari akasema.

Mke wa mwanangu akatazama ukuta. "Baba, wanauliza unaumwa nini."

"Waambie nimechoka, mama."

"Anasema amechoka."

"Na tumbo?"

"Tumbo lipo," nikajibu.

"Anasema tumbo halina neno."

Daktari akataka kufunua blanketi. Nikaling'ang'ania kwa mikono yote miwili, maana binti alikuwa palepale. Dresa akasema, "Mzee mkorofi huyu," nami nikaelewa kwa sauti yake tu.

Nikalazwa. Kila siku usingizi ukazidi, na mimi sijibu kitu. Sasa kumbukeni, miaka ile misitu ya Usinge ilikuwa na mbung'o, na Serikali ilikuwa ikihamisha watu kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Daktari akatazama: mtu wa Usinge, anasinzia mchana, hasemi. Akanipapasa shingo akitafuta tezi zinazovimba kwa malale. Mke wa mwanangu akarudi kitandani kwangu analia. "Baba, wanasema ni malale. Gari likija watakupeleka kambini kwa wenye malale ukachomwe sindano."

Nilijua sitarudi. Kibuyu kile kingenipasukia huko kambini huku wakinitibu usingizi. Na bado sikusema! Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa radhi kufa kuliko kumtajia yule binti mkojo.

Yeye lakini alikuwa na akili kuliko nilivyodhani. Kwenye veranda alikuwapo mzee mmoja wa Kanyenye, mtaa wa palepale Tabora, Mnyamwezi, Mwislamu, mwenye kidonda cha mguu. Kutwa akiwasimulia wagonjwa safari zake za upagazi. Mke wa mwanangu akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

"Babu, Kivinza unakijua?"

"Kivinza! Chumvi yao imenipinda mgongo huu, nitasahauje lugha yao?"

"Basi ingia ukaongee na baba. Nadhani kuna maneno hawezi kuniambia mimi. Nitakwenda kukaa kule getini, nisionekane."

Mzee akaja akichechemea, akakaa kitandani kwangu bila hodi. Ninyi mnajua utani. Pale kwetu wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watani wetu tangu enzi za babu zetu. Mtani anakutukana na hukasiriki, anachukua kuku wako na hushtaki.

"Wewe mla chumvi!" akanifokea kwa Kivinza, kibovu lakini Kivinza. "Umetoka kwenu kuja kulala hapa kwetu Unyanyembe? Kwenu mikeka imekwisha?"

Ndugu zangu, sikuwa nimecheka tangu nitoke nyumbani. "Toka hapa," nikamwambia, "punda wa Waarabu."

"Punda ndiyo. Lakini punda akitua mzigo hukojoa. Wewe nakuona unakwenda chooni kila mara, unarudi umenuna kama umefiwa. Kuna nini huko? Sema, au ufe nirithi mizinga yako."

Nikalia. Nikamwambia yote, tangu tone la kwanza. Hakucheka tena. Akaniwekea mkono begani mpaka nikamaliza, kisha akaita kwa sauti ya kusikika Kanyenye nzima: "Bwana daktari! Huyu hana malale! Huyu mkojo umemzuia!"

Daktari akaja mbio. Safari hii nililifunua blanketi mwenyewe. Akaminya tumbo, akamtuma dresa alete mpira mwembamba. Sitawaeleza ulipita wapi. Ila mkojo ulipoanza kutoka, niliona dari ya hospitali ikielea kwa raha, na mtani wangu ananiambia, "Taratibu, utatuzamisha."

"Kwa nini hakusema siku zote hizi?" daktari akamuuliza.

"Bwana, mlimwekea mkwe wake. Nani amwambie mkwe habari hizo?"

Daktari hakujua, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Baadaye nilipasuliwa, nikapona. Wiki za kungoja kidonda kifunge ndizo ninazozikumbuka kwa hamu. Jua la asubuhi likiwa verandani, wajukuu wa mtani wangu wakileta kahawa kutoka Kanyenye, naye akinifundisha Kiswahili kwa kuanzia matusi, halafu salamu. Alinitajia vituo vyote vya njia ya zamani ya wapagazi, na tulipofika Uvinza nilimtajia mimi visima vyetu vya chumvi. Mahali pale pamekwisha kubadilika, na wengi tuliowataja hawapo. Naye hayupo. Alipofariki nilikwenda Tabora, nikashuka kaburini kabla hawajamweka, nikakataa kutoka mpaka wanipe kuku. Ndugu zake walicheka huku wanalia. Ndivyo mtani anavyozikwa.

Nawashukuru daktari na dresa wake, maana walipojua walifanya kazi yao vizuri. Namshukuru mtani wangu. Zaidi namshukuru mke wa mwanangu, ambaye yuko hapa leo amegeuza uso kama kawaida yake. Aliona kwamba kunipenda siku ile ilikuwa ni kuondoka chumbani.

Wenzangu, wazee wetu wengi bado wana lugha moja tu, na hata mwenye Kiswahili, ugonjwa ukimzidi hurudi kwenye ile ya mama yake. Msiwachoke. Ukimpeleka mzee hospitali, mkalishe kando kabla ya kufika kwa daktari, umuulize kwa lugha yake: "Ungependa nani akusemee, na nani atoke nje?" Akishakujibu, kamtafute mtu huyo kwanza.