Ctirad Vondrášek na Uyoga wa Kilima cha Mgodi

Ctirad Vondrášek alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika kijiji kimoja karibu na Příbram, mtoto wa pekee wa mchimba madini.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1958, akasomea ufundi wa umeme. Mwalimu wake aliandika kwamba kila Septemba kijana huyu huugua Jumatatu, kisha Jumanne huja na kikapu cha uyoga kuomba msamaha.

Alifanya kazi chini ya ardhi, mgodini, kuanzia 1962 hadi 1991.

Mwaka 1968 alimwoa Jarmila, aliyetutangulia mwaka 2011. Siku ya uchumba alimpeleka kwenye kilima cha mawe ya mgodi wa kale wa fedha, alikochuma uyoga mweupe wa duara, mahali ambapo mchumaji wa kwetu hamtajii hata padri. Binti yao, Radka, alionyeshwa kilima hicho alipotimiza miaka arobaini.

Mei 2019 marehemu alianza kukohoa damu. Ilikuwa saratani ya mapafu. Radka, ambaye tangu mama yake afariki ndiye aliyempikia supu ya uyoga ule, alipeleka kikapu chake maabara upimwe. Barua ikaja: una sumu ya aseniki mara mia zaidi ya uyoga wa kwingine.

“Nimekula miaka sabini,” marehemu alicheka. “Sumu gani mvivu hivi? Nipikie, binti yangu.”

“Sikupikii, baba! Watu waseme nimekuua?”

“Basi niue nimeshiba.”

Hakumpikia. Alimuuliza daktari kama ni uyoga uliomponza. “Mgodi, sigara, uyoga,” daktari alisema. “Mama, nimkamate yupi?”

Alifariki tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi. Siku mbili baadaye ilifika barua ya pili: karibu aseniki yote ile ni ya aina iliyomo katika samaki wa baharini, ambayo mwili huitoa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo haijatambuliwa.

Radka alipiga simu maabara. “Kwa hiyo ningempikia?”

“Sisi tulipima uyoga, mama. Baba yako hatukumpima.”

Ameacha binti, Radka, mkwe, Otmar, na wajukuu wawili, Vendula na Kryštof. Leo asubuhi Radka alitaka kumwomba baba yake radhi mbele ya jeneza, akakwama: kwa supu zote alizompikia, au kwa ile moja aliyomnyima?

Ctirad, lala salama.