Fundi Moshi, Mtumishi Bora wa Jua

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha umeme, Fundi Moshi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo halimo kwenye kitambulisho. Alipewa kazini, maana alianzia kwenye injini za dizeli. Kila mgeni kazini, hata sisi wafagizi, Fundi alitufundisha hivi: mafuta yanaungua, injini inazunguka, inaizungusha jenereta, umeme huo hapo.

Baadaye alihamishiwa bwawani, ambako maji ndiyo yanayozungusha jenereta. Aliyasifu sana, kwa kuwa hayaji kwa lori. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, akarudishwa kwenye dizeli.

Kisha zikaja paneli za sola, zikafungwa karibu na bomba la moshi kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Fundi hakuziamini. Kazi gani hiyo, akawa anauliza, kitu kimelala tu juani, hakizunguki? Wakampa ndoo na brashi. Asubuhi aliwasha injini, mchana akafuta masizi yake juu ya paneli. Taarifa ya mwaka ilimpongeza kwa kazi zote mbili.

Siku ya uzinduzi wa paneli, injini ilizimwa ili moshi usiharibu picha. Katika hotuba ya tatu likatanda wingu zito, umeme ukakatika, kipaza sauti kikazimika. Fundi akamkumbusha meneja kwamba jenereta ya hospitali ni mbovu, na watoto njiti wamo kwenye mashine za joto. Wangu alikuwa mmoja wao, ana siku sita. Meneja akamwambia asubiri kwanza mgeni rasmi amalize.

Fundi hakusubiri. Akaenda, akawasha injini. Kipaza sauti kikarudi, na mgeni rasmi akalisifu jua kwa kuchapa kazi hata likiwa nyuma ya wingu. Makofi yakapigwa. Picha zipo mapokezi, zimekatwa kwa juu. Moshi umeondoka pamoja na vichwa vya wageni wawili.

Fundi alipewa barua ya onyo. Leo anapewa cheti cha Mtumishi Bora wa Nishati ya Jua. Barua bado imo kwenye faili, na uongozi umemwomba aache namba yake ya simu.

Fundi wetu, asante. Binti yangu ana miaka minne sasa, na akiambiwa asubiri, hasikii. Nenda salama, baba, uamke saa unayotaka.