Vitundu vya Moyo wa Somoe

Tangu maduka ya dawa yaanze kuota kila uchochoro wa Vingunguti, kijiwe cha kahawa cha mzee Anwar hakikosi madaktari wa kujipachika. Asubuhi hiyo Twaha alirudi hapo kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Somoe. Hakutaka maneno, alitaka kukaa na watu tu. Lakini wale wakishampa mtu pole, hawawezi kunyamaza.

— Vile vidonge vya moyo vya shemeji vilikwisha muda, alisema Injinia, fundi redio. Mie nakwambia.

— Havikwisha. Kavinywa muda mrefu tu, moyo ukaacha kwenda mbio, Twaha alijibu. Alipopata malaria nikamnunulia kwinini. Hapo ndipo tulipoharibu. Daktari kanieleza.

— Kwinini imeponya wangapi! alidakia Mbunge, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa nyumba kumi.

— Sikiliza basi. Moyo ukishapiga, kuna madini, potasiamu, yanatoka kwenye chembechembe zake kupitia vitundu. Ndo unatulia, upate kupiga tena. Vile vidonge vinaziba hivyo vitundu kiasi, moyo usikimbilie pigo jingine. Na kwinini nayo inaziba hukohuko. Zikakutana zote mbili, moyo ukachelewa mno kutulia, ukavurugika.

— Potasiamu si ile ya kwenye ndizi? Injinia aliuliza. Basi shemeji alikuwa hali ndizi!

— Ndizi wapi! Hii minara ya simu wanayosimika siku hizi ndo inafyonza madini ya watu, alisema Mbunge. Ruksa hii ya kila mtu kuuza na kujenga atakavyo itatumaliza. Wazungu wanajua sie watu wa pwani vitundu vyetu vipana!

Wakacheka. Twaha akaweka kikombe chini.

— Muuzaji wa ile kwinini hakuniuliza kitu, alisema. Kafunga dawa kwenye gazeti, kaita anayefuata.

— Angekuuliza nini, braza? alisema Injinia. Yule juzijuzi alikuwa anauza mitumba.

Hapo hakuna aliyecheka. Pembeni yao alikaa Revelian, mpangaji mgeni wa mtaa ule, aliyekuwa akisikiliza tu.

— Samahani, kaka, alisema taratibu. Mie natumia vidonge hivyohivyo. Nikipata malaria, nimeze nini?

Injinia akamtazama Mbunge. Mbunge akainamia kahawa yake. Kisha wote wakamgeukia Twaha, yeye aliyekaa na daktari uso kwa uso. Kwa daktari aliuliza kilichomuua mkewe. Ambacho kingemponya malaria, hakuuliza.