Mabenchi ya Ukumbi wa Agnetha

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mchungaji wetu, Mkurugenzi wa kiwanda Bwana Rwekaza, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama wachambuzi wa kahawa ambao mlistahili kutajwa kwanza, nawasalimu: kasinge waitu.

Naitwa Anatory, fundi cherehani wa hapa Kamachumu, mume wa marehemu Dakta Agnetha, ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango huu. Nimepewa mkasi nikate utepe. Nadhani mlinitafutia kazi ambayo siwezi kuiharibu. Lakini asubuhi nilichungulia ndani, nikaona mabenchi yote ya kuchambulia kahawa yametazama ukuta, na tangu hapo mkono umekuwa mzito. Niruhusuni nieleze.

Agnetha alipokwenda Dar es Salaam kusomea saikolojia ya kazini, huku kwetu hatukuwa tumemwona mtu wa fani hiyo, mwanamume wala mwanamke. Mimi niliyeishia darasa la saba niliwaambia watu kwamba anasomea akili. Jirani yangu Evarist, yule pale anayecheka, alinishika mkono kwa huruma: "Bojo, rafiki yangu, Mungu mkubwa. Sasa utapona!" Je, nilipona? Muulizeni yeye.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda kimoja cha kahawa Bukoba mjini. Meneja wa wakati ule aliwaketisha wachambuzi wakitazama ukuta ili wasipige soga. Soga zikaisha kweli. Wakaanza kusinzia, na punje mbovu zikapita. Agnetha akaketi nao, akichambua kama wao, naye akasinzia. Kisha tukawa na harusi nyumbani, akawatazama akina mama wakimenya ndizi. Mnajua tunavyomenya: uso kwa uso, kisu kinakwenda na mdomo unakwenda. Ndizi ziliisha, habari za watu hazikuisha. Aliporudi kazini akamwomba meneja awageuze wachambuzi watazamane.

"Dakta, wataongea."

"Ndiyo, waitu. Anayeongea hasinzii."

"Na wakikusema wewe?"

"Hapo ndipo watakuwa macho kabisa."

Mabenchi yakageuzwa, punje mbovu zikapungua, na viwanda vya Mwanza vikaanza kumwita. Nani angeamini kwamba safari ile yote ilianzia kwenye maganda ya ndizi?

Elimu yake ilishindwa mahali pamoja tu, na mahali hapo ni mimi. Aliigeuza cherehani yangu itazame barabara. Nikawa namsalimia kila apitaye, namuuliza na habari za mgomba wake, hadi Mzee Onesphory akaenda kanisani na suruali yenye mguu mmoja mfupi. Agnetha alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Baba, wewe sikuingizi kwenye utafiti. Utaniharibia matokeo."

Alipofariki mwaka jana, niliirudisha cherehani ukutani. Siku hizi nashona vizuri sana. Miguu ya suruali inalingana, wateja wanasifu, na jua linazama sijasema neno na mtu.

Kwa hiyo, Bwana Rwekaza, mwanangu, sikulaumu. Najua umeogopa soga, na kwa jinsi ninavyowajua akina mama hawa, una haki ya kuogopa. Lakini tukiliweka jina la Agnetha mlangoni, na ndani tukawaelekeza wenzake ukutani, je, tutakuwa tumemkumbuka, au tumemzika mara ya pili?

Naomba tuingie kwanza, tuyageuze, ndipo nikate. Nitauinua utepe tupite chini yake. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, pole kwa kuinama. Mgongo wangu mbovu, hivyo Mkurugenzi atashika upande mzito wa benchi. Nanyi akina mama, anzeni kuongea tangu sasa, hata kama ni kunisema mimi.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.